Maswali Yenu: Riziki Katika Wadudu Wasioonekana

Katika toleo lililopita nilieleza jinsi nyigu wadogo wasiouma wanavyowamaliza viwavi wa sukuma wiki, na nikataja kwa kupita tu kwamba hiyo ndiyo kazi yangu hapa Kisumu: kuwatambua na kuwapa majina wadudu ambao wengi wenu hamjawahi kuwatia machoni. Nilitarajia barua za sukuma wiki. Zilizokuja karibu zote zinauliza kuhusu kazi yenyewe, na nimefurahi kupita kiasi. Hizi hapa chache.

Salamu nyingi Daktari. Nimemaliza kidato cha nne na Biolojia niliifanya vizuri. Tangu utotoni napenda wadudu, hasa wale wadogo kabisa. Baba anasema hiyo si kazi, nisomee uuguzi. Mtu wa wadudu hufanya nini kutwa nzima? Na je, analipwa?
*Msichana wa Njoro, Nakuru*

Binti yangu, nianze na hiyo kutwa nzima, maana hapo ndipo utakapojua kama kazi inakufaa, kabla hata hatujafika kwenye mshahara.

Kuna siku za shambani na siku za meza, na za meza ni nyingi zaidi. Nafungua chupa ya spiriti ambayo chini yake kumetulia kitu ambacho mtu mwingine angekiita vumbi. Namimina kidogo kwenye kisahani cha kioo, naweka chini ya hadubini, na vumbi lile linaota miguu, papasi (vile vipembe vya kichwani) na mabawa. Kwa brashi ya mchoraji niliyoipunguza hadi ikabaki na nywele chache, natenganisha: nzi huku, thripsi huku, mbawakawa huku, nyigu huku. Halafu kwa nyigu mmoja mmoja nahesabu vipingili vya papasi, natazama mishipa ya bawa, nahesabu vipingili vya wayo. Nyigu mwenye vipingili vitatu tu kwenye kila wayo ni wa jamii ya Trichogramma, na hao huishi ndani ya mayai ya wadudu wengine. Kipingili kimoja ukikihesabu vibaya umempeleka mdudu kwenye ukoo usio wake.

Joto la Kisumu la mwezi wa Februari mnalijua. Lakini feni naizima, kwa sababu upepo kidogo tu unamtoa nyigu wa nusu milimita kwenye ncha ya karatasi niliyomgandishia, na akishaondoka hapo simpati tena. Hata pumzi nimejifunza kuielekeza pembeni. Mwisho naandika lebo: mahali, tarehe, mmea aliokutwa nao, jina la aliyemkamata. Mdudu asiye na lebo, hata awe adimu namna gani, hana faida kwa mtu yeyote.

Kama umesoma hayo na moyo ukaenda mbio, endelea. Kama umeona ni adhabu, basi uuguzi ni kazi ya heshima na wagonjwa wanakungoja.

Sasa niruhusu niseme na mzee wako, kwa heshima zote. Mzee, mwaka 2011 mahindi ya Bomet yalianza kukauka kuanzia majani ya katikati hadi magunzi yakatoka matupu, na ugonjwa ukaingia kaunti nyingine. Virusi viwili vilikuwa vimekutana kwenye mmea mmoja, na mmoja wao hubebwa na thripsi, mdudu wa milimita moja hivi anayejificha ndani ya moyo wa mhindi. Hapo Naivasha, katika kaunti yenu wenyewe, thripsi haohao wa aina nyingine wanaweza kufanya shehena nzima ya waridi ikataliwe ng'ambo. Na mihogo, mzee wangu, hiyo ndiyo hadithi ninayowasimulia wazazi wote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mdudu mweupe wa unga-unga alizuka kwenye mihogo ya Kongo, akaenea sehemu kubwa ya Afrika, na palipokuwa na shamba pakabaki vijiti. Asili yake ni Amerika Kusini, alikotoka muhogo wenyewe. Watafiti wakaenda huko kumtafuta adui wake. Kaskazini mwa bara lile walimkuta mdudu ambaye kwa macho ni yuleyule. Wakawachukua nyigu wanaomuua, lakini kwa yule wa Afrika nyigu hao hawakufaa kitu. Waliochunguza kwa makini wakagundua kwamba ni spishi mbili: mmoja huzaa bila dume, mwenzake ana madume. Wa Afrika alikuwa Phenacoccus manihoti. Yule mwingine akapewa jina Phenacoccus herreni. Wa kwetu alipatikana Paraguay, na nyigu wake, Anagyrus lopezi, asiyefika milimita mbili, akaachiliwa Nigeria mwaka 1981, kisha nchi baada ya nchi. Muhogo ukarudi mezani. Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, wakati huo akiwa mkurugenzi wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, Nairobi. Miaka ilipotea na njaa ikaendelea kwa sababu wadudu wawili walifanana. Ndiyo maana nasema kazi ya kutofautisha ni kazi kamili, mzee, na binti yako akiiweza nchi itamhitaji.

Turudi kwako, binti. Kuhusu fedha nitakuambia wazi. Wenye ajira ya kudumu katika vyuo vikuu, KALRO (utafiti wa kilimo), KEMRI (utafiti wa tiba), KEPHIS (ukaguzi wa afya ya mimea) au Makavazi ya Taifa hulipwa kwa madaraja yanayojulikana, na wanaishi. Lakini wengi wetu tulianza na kandarasi za mradi: miaka miwili, mitatu, mradi unakwisha nawe unarudi kutafuta. Mradi mmoja nilioufanyia kazi ulitukawiza malipo hadi tukawa tunakula kwa kukopa dukani. Kwa hiyo kila kandarasi utakayopewa, soma kifungu cha malipo kabla ya kutia saini, na uulize pesa za mradi zimeshafika au bado zinaombwa.

Njia yenyewe: shahada ya kwanza ya biolojia, zuolojia au kilimo. Egerton iko hapo mlangoni pako. Kuna Maseno, Masinde Muliro, Moi, Nairobi na Jomo Kenyatta. Baada ya hapo lazima uzamili wa entomolojia, na hapo ndipo wengi hukwama kwa karo. Ulizia mapema mpango wa ARPPIS ambao ICIPE na vyuo vikuu vya Afrika wameuendesha tangu 1983 kwa ajili ya wanafunzi wa uzamifu wa Kiafrika, na ufadhili mwingine wa ICIPE kwa walio ngazi ya uzamili.

Kuna mlango wa pembeni pia, nami nauheshimu sana. Mashamba ya maua ya Naivasha huajiri skauti, yaani mtu anayepita kwenye grinihausi kila siku akihesabu thripsi kwenye kadi za gundi za buluu na manjano, na utitiri kwenye majani, kisha anaripoti wapi pameanza kuharibika. Cheti au stashahada inatosha kuanzia. Baadhi ya wanafunzi bora niliopata kuwafundisha waliwahi kuwa skauti: walikuja macho yao yameshafunzwa, kilichobaki kwetu kilikuwa ni vitabu.

Daktari, kwenye majani ya mahindi yangu nimeona mayai ya viwavijeshi, yamelundikana na kufunikwa na kitu kama manyoya. Juu yake kuna vidudu vyeusi vidogo kama nukta, vinatembeatembea. Nipige dawa?
*Mkulima, Butula, Busia*

Ndugu yangu, leo usipige.

Ulivyovieleza, hivyo vyeusi vina kila dalili ya kuwa nyigu wa mayai. Mmoja wao ni Telenomus remus, ana nusu milimita hivi, mweusi wa kung'aa, na ameshapatikana hapa Kenya akila mayai ya viwavijeshi hawa waliotuingilia mwaka 2017. Jike hutembea juu ya lundo, anagonga kila yai kwa papasi, kisha anaingiza yai lake ndani ya yai la nondo. Yale manyoya mama nondo aliyoyaacha kama blanketi huwazuia nyigu wengi wengine. Huyu hupenya chini yake.

Lakini usiniamini mimi niliye mbali. Hakikisha mwenyewe. Chuma kipande cha jani chenye mayai hayo, kitie kwenye chupa kavu ya jamu, funika mdomo kwa kitambaa cha pamba kilichoshonana vizuri na ukifunge kwa mpira. Wavu wa mbu haufai, nyigu atapita. Weka kivulini ndani ya nyumba. Mayai mazima huanguliwa kwa siku mbili tatu, na utaona viwavi wenye vichwa vyeusi wakitawanyika, hao waponde. Yai zima nalo hugeuka rangi karibu na kuanguliwa, kwa hiyo weusi wa siku ya kwanza usikudanganye. Yale yatakayobaki meusi baada ya viwavi kwisha, yaache. Baada ya wiki moja na nusu hivi yatatoboka vitundu vya mviringo na nyigu watatoka. Fungua chupa katikati ya shamba.

Ukipiga dawa kwenye mayai, viwavi walioko ndani ya moyo wa mhindi wanaendelea kula, na nyigu aliyekuwa nje akikufanyia kazi bila malipo ndiye anayekufa wa kwanza. Hili linaniuma kila ninapopita mashambani. Pita kwenye mistari kila baada ya siku tatu mahindi yakiwa machanga, ponda mayai yasiyo na nyigu na viwavi wadogo kwa vidole, na kama kwenye mimea mingi moyo umeshaliwa, hapo muite afisa wa kilimo wa wadi mzungumzie dawa.

Hujambo Daktari. Mwalimu ametuuliza mdudu mdogo kuliko wote duniani ni yupi. Mimi nilisema kiroboto.
*Mwanafunzi wa darasa la nane, Kakamega*

Sijambo mwanangu. Kiroboto kwa hawa ni jitu. Anayeshikilia nafasi ya kwanza kati ya wanaojulikana ni dume la nyigu aitwaye Dicopomorpha echmepterygis, wa Marekani, aliyeandikwa mara ya kwanza mwaka 1997. Urefu wake ni milimita 0.139. Chukua rula yako, tazama nafasi ya milimita moja: madume saba wanaweza kupanga foleni humo. Hana mabawa wala macho, na maisha yake yanaishia kwenye yai la mdudu mwingine alimozaliwa. Jike ni mkubwa kidogo, ana macho na mabawa, na ndiye anayesafiri.

Mweleze mwalimu na hili: kwa mdudu wa kimo hicho hewa ni nzito, na bawa pana kama la nzi lingemchosha bure. Kwa hiyo bawa la jike ni kijiti chembamba kilichozungukwa na nywele ndefu, naye anapiga makasia hewani. Thripsi wana mabawa ya namna hiyo, na mbawakawa wadogo kabisa pia, ingawa koo zao hazina undugu wa karibu. Na kuna mwingine, Megaphragma, wa milimita 0.2. Mwaka 2012 mtafiti Mrusi, Alexey Polilov, alionyesha kwamba seli za neva za mdudu huyo ni kama 7,400, na karibu zote zimetupa kiini chake ili zienee kichwani. Anaruka, anatafuta chakula, anatambua yai linalomfaa, kwa seli ambazo vitabu vyetu vya shule vingesema haziwezi kuishi. Nimeisoma kazi hiyo mara nyingi na bado inanisimamisha.

Daktari, nikiwa kijana wazee walitusimulia kwamba wazungu walimwaga dawa mitoni huku Kodera kwa sababu ya mdudu anayepofusha watu. Ni kweli au ni hadithi za jioni?
*Mzee, Oyugis, Homa Bay*

Ni kweli tupu, mzee wangu, na nashukuru umeuliza, kwa sababu vijana wa huko hawaijui.

Mdudu mwenyewe ni usubi, nzi mdogo mwenye mgongo wa kibyongo, wa milimita chache. Jike huuma mchana karibu na mito yenye kivuli, na akiuma anaacha minyoo. Vitoto vya minyoo hutambaa chini ya ngozi miaka na miaka, ngozi inawasha na kukunjamana, na vikifika machoni mtu anapofuka. Hapo Kodera, mwaka 1946, watafiti Garnham na McMahon walitia dawa ya wadudu ya DDT mitoni, na usubi akatoweka bondeni.

Sehemu inayonigusa mimi kama mtu wa wadudu ni ile ya baadaye. Usubi wa aina nyingi hukulia kwenye mawe na majani yaliyozama penye maji ya kasi, na ndiko kila mtu alikotafuta watoto wa huyu, Simulium neavei. Jike aliyekomaa walikuwa wanamkamata kila siku akiuma watu, lakini watoto wake mtoni hakuna aliyewaona. Mwaka 1950 ndipo van Someren na McMahon walipotangaza kwamba wamewapata: walikuwa wamejishikiza kwenye miili ya kaa wa mtoni. Kaa anatembea, nao wanatembea naye. Tangu hapo kumtafuta usubi huyu mto kwa mto kukawa ni kukamata kaa na kuwageuza. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 alikuwa ametokomezwa nchini. Minyoo iliyokuwa tayari ndani ya watu iliendelea kuishi hadi kufa kwa uzee, kisha ugonjwa ukaisha.

DDT siisifu. Iliua mengi mitoni ambayo hakuna aliyeyahesabu. Lakini yule aliyeinama mtoni akamgeuza kaa na kutazama tumboni mwake, huyo ningependa kila mwanafunzi wa Nyanza amjue, kama wanavyomjua Thomas Odhiambo aliyesoma Maseno, akaanza kazi kwa kuandika juu ya kunguni wadogo wa mimea, na mwaka 1970 akaanzisha ICIPE. Kituo cha Mbita, hapo ng'ambo ya ghuba, leo kina jina lake.

Mimi niko mwaka wa tatu, Maseno. Wenzangu wanasema DNA itamaliza kazi ya hadubini, kwamba unasaga mdudu, mashine inatoa jina. Nijisumbue kujifunza?
*Mwanafunzi wa kiume*

Jifunze vyote viwili. Mashine inasoma kipande cha DNA cha herufi mia sita na zaidi kidogo, kisha inalinganisha na maktaba ya DNA za wadudu wanaojulikana. Kama hakuna mtu aliyekaa na mdudu huyo, akamtambua kwa umbo na kuweka jina lake kwenye maktaba, mashine inakurudishia namba. Na kwa nyigu wadogo wa magharibi mwa Kenya namba ni nyingi mno. DNA imenisaidia sana kutenganisha wanaofanana, naitumia bila kinyongo. Ila usimsage mdudu mzima. Siku hizi kuna dawa za kutoa DNA zinazoliacha ganda salama. Baada ya hapo lipandishe ganda hilo kwenye kioo ulihifadhi.

Daktari, mimi ni mwalimu wa Biolojia shule ya kutwa. Tuna hadubini moja na taa yake imekufa. Wanafunzi wangu wataanzaje?
*Mwalimu, Ugunja, Siaya*

Mwalimu, hadubini si ya kwanza. Nunua sahani za plastiki za manjano, zile za bei ya chini sokoni. Manjano huwavuta wadudu wengi wa mimea. Tia maji na tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo. Sabuni huvunja ule utando wa juu wa maji, mdudu mdogo akitua anazama badala ya kuelea na kuruka. Ziwekeni chini kati ya mistari ya maharagwe ya shule asubuhi, mzikusanye jioni kabla mvua ya alasiri haijazijaza, au siku ya mvua msizitege kabisa. Chujeni kwa kitambaa laini cha nguo, si kwa kichujio cha chai, maana wale ninaowataka mimi wanapita kwenye kichujio. Wakungʼuteni kwenye chupa yenye spiriti ya duka la dawa.

Kisha lenzi ya mkono ya kukuza mara kumi. Wanafunzi wengi huishika mbali na jicho kama wanavyoona kwenye picha. Ishikeni karibu kabisa na jicho, halafu mlete mdudu hadi aonekane. Jua liwe begani. Kwa lenzi hiyo mtawatenganisha thripsi na nyigu na nzi bila shida, na kuhesabu vipingili vya papasi za wale wakubwa kidogo.

Bakini kwenye shamba la shule na vichaka vya karibu. Msitu wa Kakamega unahitaji kibali, na msiingie na mitego bila hicho. Hadubini yenu nayo isitupwe: kioo kidogo kikielekezwa kwenye dirisha lenye mwanga kinaweza kuchukua nafasi ya taa.

Mkipata mnaotaka niwatazame, nitumieni kupitia ofisi ya jarida. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye kikaratasi kigumu na itumbukizwe ndani ya chupa pamoja na wadudu. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, na lebo iliyobandikwa nje hubanduka njiani.